Zambarau Isiyogeuka Jivu

Picha ile bado ipo kwenye albamu ya dada, ukurasa wa tatu. Amesimama chini ya mwembe pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, Ujiji, mahali ambapo Stanley alimkuta mzee yule mwaka 1871. Gauni jeupe, maua mkononi, mumewe pembeni anamtazama. Kila kitu kiko sawa isipokuwa macho. Nilimpaka rangi ya zambarau juu ya macho saa mbili asubuhi, zambarau aliyoichagua mwenyewe ili iendane na vitenge vya wasimamizi wake. Picha ilipigwa saa nane mchana, na juu ya macho yake hakuna zambarau. Kuna kijivu. Kijivu cha jivu hasa, kama mtu aliyeamka na kuinamia jiko akipuliza moto.

Dada hajawahi kunilaumu hata siku moja. Ila shangazi yetu mmoja, alipoletewa albamu, aliitazama ile picha kwa muda, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, dada yako alikuwa anaumwa siku ile?"

Swali lile lilinikaa kifuani. Ndio kwanza nilikuwa nimeanza kazi ya kupamba maharusi hapa Kigoma, na ile paleti, boksi la rangi za macho, nilikuwa nimeinunua kwa fedha ya kuunga-unga. Nilikuwa nimeijaribu dukani tu, kwa kidole, nyuma ya kiganja, chini ya taa nyeupe ya dukani. Ilionekana nzuri sana nyuma ya kiganja.

Tangu hapo nina kaunta buku. Kila aishedo, yaani poda ya rangi ya kupaka juu ya jicho, inayoingia kwenye boksi langu inaandikwa humo kabla haijagusa uso wa mteja: rangi yake jichoni, unga wake ukoje, na saa ngapi ilianza kuharibika. Sasa kaunta buku ya pili inakaribia kujaa, na nimeona niyatoe haya hadharani, kwa wapambaji wenzangu na kwa mtu yeyote anayejipaka mwenyewe mbele ya kioo cha chumbani.

Majina ya viwanda sitayataja. Nina sababu. Nimewahi kununua boksi lenye jina moja, nembo moja, rangi zile zile, mara mbili kwa wauzaji wawili, na ndani nikakuta poda mbili tofauti kabisa. Moja ilishika, nyingine ilipukutika kama chaki. Nikikutajia jina, ukaenda ukanunua la pili, nitakuwa nimekudanganya. Bora nikueleze dalili za poda nzuri na dalili za poda mbovu, uzikague mwenyewe.

Nianze na rangi, kwa sababu ndiyo iliyoniumiza.

Kiswahili chetu kinaita rangi kwa vitu tunavyovishika. Kahawia ni kahawa. Machungwa ni machungwa. Zambarau ni tunda lile linaloacha ulimi mweusi. Kijivu ni jivu. Mteja wangu akija na kusema "nataka damu ya mzee," najua kabisa anataka nini, kuliko yale majina marefu ya Kiingereza yaliyobandikwa nyuma ya paleti. Na akisema yeye ni maji ya kunde au ni mweusi tii, najua pia nitaanzia wapi. Haya ni maneno ya kazi, na mimi nayathamini, kwa sababu rangi ya macho haipo peke yake. Inakaa juu ya rangi nyingine, yaani ngozi.

Hapo ndipo zambarau ya dada iliponishinda. Ilinichukua muda kuelewa. Zambarau nyingi zisizong'aa hutengenezwa kwa rangi yenyewe, mara nyingi buluu ya altramarini na zambarau ya manganizi, kisha zinachanganywa na unga mweupe wa titani dioksidi ili ziwe nyepesi na zifunike, na talki ya kujazia. Kwenye kisahani chake, kile kibati cha poda ndani ya paleti, unaona zambarau laini ya kupendeza macho. Ukiipaka kwenye ngozi nyeupe, ule unga mweupe hauonekani, unafanana na ngozi. Kwenye ngozi kama ya dada na yangu hauna pa kujificha. Zambarau ni rangi nyonge, inamezwa na weusi wa ngozi. Kinachobaki juu ni ule weupe, na weupe uliotandazwa juu ya weusi ni kijivu. Mchana jasho na mafuta ya ngozi vikaifuta hata ile zambarau kidogo iliyokuwepo. Mpiga picha alipowasha flashi, unga mweupe ukajibu mwanga. Dada akatoka mgonjwa.

Nyuma ya boksi, kama limeandikwa kwa uaminifu, kuna namba za rangi zinazoanza na herufi CI. Nimezikariri. 77891 ni ile titani dioksidi. 77491 ni oksidi nyekundu ya chuma, 77492 ni ya njano, 77499 ni nyeusi. 77742 ni zambarau ya manganizi, 77007 ni altramarini, 77019 ni maika, jiwe linalong'aa. 75470 ni kamini, nyekundu inayotolewa kwa wadudu wadogo wanaoishi kwenye mpungate, na wateja wangu wengine huniomba niwaambie kama imo, kwa sababu za dini au za mwili kuwasha. Kwenye paleti nyingi namba hizi zimerundikwa mwishoni baada ya alama ya +/-, hivyo hazikuambii kipi ni kingi na kipi ni kidogo. Zinakuambia tu nani yumo. Kiasi utakijua kwa jicho lako.

Rangi zinazotutendea haki bila usumbufu ni zile za oksidi ya chuma. Oksidi ya chuma ni kutu, na ndiyo inayoupa udongo wetu wa milimani wekundu wake. Kahawia, tofali, rangi ya kutu, damu ya mzee: hizi hata kwenye paleti ya shilingi elfu 15 nimezikuta nzuri. Zinakolea kwa mpako mmoja au miwili, zinachanganyika hadi huoni mpaka kati yake, na kwenye maji ya kunde zinaonekana kama zimezaliwa hapo. Mtu anayeanza na hana fedha, namwambia anunue kahawia mbili na damu ya mzee moja. Atapamba nazo mtaa mzima.

Machungwa ni hadithi nyingine kidogo. Kuna machungwa moja kwenye boksi langu ninayoiita mawese. Ukiitazama kwenye kisahani ni rangi ile ile ya mawese mapya yakimiminwa kwenye dumu, nyekundu na njano kwa pamoja. Ninaipaka kwenye mkunjo wa jicho, chini ya kahawia, kwa mteja mweusi tii, na uso wote unachangamka. Haionekani kama machungwa tena. Unaona tu kwamba mtu amelala vizuri. Sijapata rangi nyingine inayofanya kazi hii, na ikikaribia kuisha nitahangaika.

Buluu na kijani zisizong'aa: nyingi ni kama zambarau, weupe mwingi. Kijani cheusi cha kuelekea jani la muhogo kinakubali. Kijani cha pipi hakikubali. Sina zaidi ya kusema hapo.

Sasa unga wenyewe. Huku kwetu mtoto anakua akijua unga wa muhogo mzuri kwa vidole. Muhogo uliokauka sawasawa, ukatwangwa, ukachekechwa mara mbili, ukiufikicha kati ya kidole gumba na cha shahada husikii chembe, na ukiuminya unashikana kidogo kisha unaachia. Aishedo nzuri isiyong'aa iko hivyo hivyo. Unaigusa kwa kidole, haitimui vumbi, inashika kidole kama ngozi ya pili. Mbovu zipo za aina mbili. Ya kwanza ni kavu: ukigusa unapanda moshi, na ukiipaka, nusu inadondoka shavuni. Ya pili ni ngumu, imeshindiliwa kiwandani mpaka brashi inateleza juu yake, na baada ya siku chache inaota utando unaong'aa ambao hautoi rangi kabisa. Utando huo nauondoa kwa kubandika selotepu juu na kuinyanyua taratibu. Kinachotoka chini mara nyingi ni kizuri.

Ile inayomoshea huwa nailaumu kwanza kiwanda, halafu najilaumu mimi. Kuna wateja wanaopaka mafuta mazito usoni, wanakuja wanang'aa, na juu ya mafuta hakuna poda itakayosimama. Siku hizi kabla ya chochote nafuta juu ya jicho kwa pamba yenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo sana, nakausha, nasubiri. Kisha napaka konsila, krimu ya kuficha madoa, nyembamba kabisa, unene wa maziwa yaliyobaki kwenye glasi, nagusagusa na poda isiyo na rangi. Hiyo ndiyo praima yangu, kitangulizi cha chini ya rangi. Praima ya kununua ninayo moja, ni nzuri, ina silikoni zinazojaza vimistari vya ngozi, lakini kwa mteja wa bei ya kawaida ile ya konsila inatosha.

Kuna jambo la njiani ambalo wenzetu wa Dar es Salaam hawalijui. Mzigo wetu unatoka Kariakoo na kusafiri zaidi ya kilomita 1,200 kufika hapa, kwa basi au kwa treni, na poda iliyoshindiliwa haipendi safari. Zaidi ya mara moja nimefungua boksi nikakuta vipande. Mara ya kwanza nililia. Sasa najua la kufanya. Nasaga ile iliyovunjika ndani ya kisahani chake kwa kijiti cha meno mpaka iwe unga mtupu, bila chembe. Nadondoshea spiriti ya duka la dawa, tone kwa tone, mpaka iwe kama uji mzito. Naigonga pembeni ili hewa itoke. Nasubiri kidogo, nafunika na kipande cha kitambaa safi cha pamba, naweka juu sarafu ya shilingi 200 na kuiminya kwa kidole gumba kwa nguvu yangu yote. Kitambaa kinanyonya spiriti na kuacha alama ya nyuzi zake juu ya poda, alama nzuri, kama kitu kilichofumwa. Naiacha wazi usiku mzima ikauke kabisa. Jichoni haigusi kabla ya hapo. Zisizong'aa zinarudi karibu na zilivyokuwa. Zinazong'aa huwa ngumu kidogo, na kwa hizo natumia kidole badala ya brashi.

Kupima kwenyewe nakufanya asubuhi saa moja, mlangoni kwangu mtaani Mwanga, mgongo kwenye giza la chumba na uso kwenye mwanga wa nje. Taa ya ndani inadanganya. Jicho la kulia napaka na praima, la kushoto bila praima. Halafu naishi siku yangu: naenda sokoni, napika, nachota maji kama hayatoki. Saa nne naangalia. Saa saba naangalia. Saa tisa, ambapo zimetimia saa 8 tangu nilipopaka, naandika. Kwa nini saa 8? Kwa sababu bibi harusi wa hapa akipakwa asubuhi, saa tisa ndio kwanza anaelekea ukumbini, na picha ambazo wajukuu wake watazitazama bado hazijapigwa.

Hali ya hewa ya ziwa nayo ina neno lake. Msimu wa mvua, Novemba kuendelea, hewa ni nzito, jasho halikauki usoni, linakaa. Poda iliyonipa saa 8 mwezi wa saba ilinipa saa 4 mwezi wa kumi na mbili, kwenye jicho lile lile na praima ile ile. Kwa hiyo siku hizi kila rangi ina mistari miwili kwenye daftari, wa kiangazi na wa masika. Ukisikia mtu anasifu aishedo kwamba inakaa siku nzima, muulize mwezi gani.

Nisiruke suala la usalama, ingawa hapa nitakuwa mkali kidogo. Glita za kadi na za mapambo ya ukumbi hazipakwi jichoni. Ni vipande vyenye kona, vinakata. Nimeona mteja aliyepambwa kwingine akija na jicho jekundu linalotoka machozi kwa siku mbili kwa sababu ya glita ya aina hiyo, na mpambaji wake alikuwa ameinunua duka la vifaa vya shule. Pia kuna paleti za rangi kali sana ambazo nyuma zimeandikwa kwa maandishi madogo kwamba hazifai kwa eneo la macho. Marekani, rangi yoyote ya kipodozi cha eneo la macho lazima iwe imeruhusiwa kwa eneo hilo hasa, ndiyo maana maandishi hayo yanawekwa. Yasome. Hapa nchini vipodozi vinasimamiwa na TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, baada ya jukumu hilo kutoka kwa iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Na mteja anayetumia mkorogo, ngozi yake ya juu ya jicho inakuwa imekonda, inawaka hata kwa poda ya kawaida. Huyo namjaribisha siku mbili kabla, nyuma ya sikio.

Januari 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea nchini, nilifunga boksi. Kwa wiki kadhaa sikumgusa mtu macho. Nilipofungua tena nilibadili namna ya kufanya kazi, na sijarudi nyuma. Sasa nakwangua poda kidogo kwa kijiko kidogo cha chuma, naiweka kwenye kigae cheupe, na brashi inachovya kigaeni. Haichovyi kwenye kisahani kabisa. Brashi moja, mtu mmoja, kisha sabuni na jua. Maskara namnunulia kila bibi harusi ya kwake na anaondoka nayo.

Na wanja. Bibi yetu alipaka wanja mpaka anafariki, na nadhani ndiye aliyeniingiza kwenye kazi hii bila kujua. Alikuwa na kichupa na kijiti, alikaa kizingitini kila Ijumaa, akafumba jicho moja juu ya kijiti na kukivuta mara moja tu, jicho likatoka limechorwa. Ilikuwa nadhifu mno. Lakini wanja wa jiwe unaouzwa bila maandishi unaweza kuwa na madini ya risasi. Jiwe lenyewe, galena, ni risasi na salfa, na ndilo Wamisri wa kale walilokuwa wakisaga. Risasi ina madhara zaidi kwa watoto, na sisi tuna desturi ya kuwapaka wachanga. Nimewaambia dada zangu wote: mtoto asipakwe. Wanja wa bibi ninautafuta kwenye aishedo nyeusi, napaka kwa brashi nyembamba iliyolowana, na mstari unakaa vizuri kuliko penseli nyingi nilizopima.

Narudi kwenye zambarau, kwa sababu sikuiacha.

Nimepima zambarau 14 zisizong'aa. Zilizosimama ni mbili, na zote mbili ni nyeusi mno kwenye kisahani, karibu na rangi ya bilinganya. Ukiziona dukani huwezi kudhani ni za sherehe. Zilizobaki ni jivu la saa saba.

Jibu lilitoka mahali ambapo sikuwa nimetazama, kwenye zinazong'aa. Nilikuwa nazidharau kidogo. Nilidhani ni za wasichana wa kicheni pati. Siku moja nikapata kichupa cha unga wa shilingi elfu 8, mweupe kabisa, muuzaji akasema ni zambarau. Nikabishana naye. Akapaka kwenye karatasi nyeupe: hakuna kitu. Akapaka kwenye mfuko mweusi wa rambo uliokuwa mezani: zambarau ikawaka.

Nilinunua na kwenda kusoma. Unga ule ni maika, vijibapa vyembamba vya jiwe, vilivyovikwa ngozi nyembamba sana ya titani dioksidi. Ndiyo, ile ile iliyonitia aibu. Ngozi hiyo ikiwa na unene fulani, mwanga unaodunda juu yake na unaodunda chini yake vinakutana na kutoa rangi moja, kama rangi zinazocheza kwenye povu la sabuni au kwenye mafuta ya boti yaliyomwagika majini pale Kibirizi. Ukibadilisha unene, unabadilisha rangi. Mwanga uliobaki unapenya. Chini kukiwa na weupe, mwanga huo unarudi na kuifuta zambarau, huoni kitu. Chini kukiwa na weusi, weusi unaumeza, na zambarau inabaki peke yake, safi.

Nilikaa na kioo muda mrefu siku ile. Miaka yote nilikuwa napigana na ngozi yetu, naifunika kwa konsila nyeupe ili rangi ionekane, kama nilivyofundishwa. Na hapa kulikuwa na zambarau inayotaka weusi chini yake ndipo iwake. Kadiri mtu alivyo mweusi ndivyo inavyowaka zaidi. Nikaijaribu juu ya bilinganya, juu ya damu ya mzee, juu ya nyeusi tupu, juu ya ngozi bila kitu. Juu ya bilinganya ndiyo iliyoshinda. Kwenye daftari niliandika kwa herufi kubwa.

Jaribio la kweli lilikuja Agosti iliyofuata. Tulikuwa na harusi Mwamgongo, kaskazini, karibu na Gombe, na huko hakuna barabara ya kukupeleka na uso wako mzima. Unakwenda kwa boti kutoka Kibirizi. Niliwapaka watatu nyumbani saa moja asubuhi. Wifi yangu alitaka kahawia na dhahabu, nikatumia paleti ya elfu 15. Mama mdogo alitaka damu ya mzee peke yake, "nisionekane nashindana na bibi harusi." Dada alikaa mwisho. Nilimuuliza anataka nini, akasema, "Unajua."

Nikampaka bilinganya kwanza, kwa brashi ndogo, kwa kugonga bila kuvuta, mpaka kwenye mkunjo. Mawese kidogo pembeni kulainisha. Kisha nikalowesha ncha ya kidole, nikachukua ule unga mweupe, nikaubandika katikati ya jicho. Alipofumbua hakusema kitu.

Boti iliondoka saa tatu. Agosti upepo wa kusini unasukuma, na mawimbi yalikuwa yanatugonga ubavuni, kila baada ya muda maji yanarushwa mpaka chini ya turubai. Jua, chumvi ya jasho, kitenge cha kujifutia kinapita kutoka mkono hadi mkono. Mimi nilikuwa natazama macho sita na kuandika kwenye simu. Tulikaa majini kwa muda wa karibu saa tatu. Tuliposhuka, dhahabu ya wifi ilikuwa imeshaanza kutembea, vimetameta viko shavuni kama magamba ya dagaa wabichi, ila kahawia yake haikusogea hata nukta. Mama mdogo alikuwa amejipaka mafuta usoni akiwa kwenye boti, bila kuniambia, na damu ya mzee ilikuwa imejikusanya kwenye mkunjo, mstari mmoja mwekundu. Nilimfutia kwa kijiti cha pamba na kumpaka upya pale pale ufukweni.

Dada sikumgusa. Ndoa ilifungwa, chakula kikaliwa, alilia mara mbili wakati wa kumkabidhi bibi harusi, akacheza mpaka kanga ikamfunguka. Karibu saa moja jioni tukateremka ufukweni, jua likiwa linazama nyuma ya milima ya Kongo na maji yote mekundu. Nikampiga picha kwa simu, bila flashi, kisha kwa flashi.

Aliichukua simu. Akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka jicho moja likajaa kioo chote, akahamia jicho la pili. Zambarau ilikuwepo. Baada ya saa 12, majini na juani, ilikuwa zambarau.

"La kushoto limefifia pembeni," akasema. "Hapa kwenye kona ya pua."

"Ulifuta machozi upande huo."

Akaitazama tena picha, akanirudishia simu.

"Basi iandike hiyo kwenye daftari lako, mdogo wangu. Halafu nitumie picha zote mbili."